Gari Moja Bila Fishi: Maisha ya Katsuva Ézéchiel (1979–2025)

Wachungaji, wazee wa familia zote mbili, majirani wa mtaa wa Shari, wafanyakazi wa zamani wa lavaje yake ya magari, na nyote mliofika makaburini leo Jumamosi tarehe 20 Septemba 2025, familia ya marehemu inawasalimu. Inawashukuru waliopika, waliochota maji na waliofunga mahema. Inawashukuru hata wale waliosahau njia ya kwenda kwa Ézéchiel kwa miaka mitatu, wakaikumbuka Jumanne iliyopita alipokwisha kufa. Viti vyao vipo, na chakula chao kipo.

Wasifu huu umeandikwa na dada yake mkubwa, Musoki Hortense, na ndiye anayeusoma. Watu wenye heshima zao walimwomba aufupishe. Hakuufupisha.

Katsuva Ézéchiel alizaliwa Butembo tarehe 22 Aprili 1979. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu mzee Nicolas, fundi wa baiskeli, na marehemu mama Kanyere, aliyeuza maharage sokoni. Kati ya hao watano wamebaki wawili, Hortense na Emerance aliye ng'ambo, ambaye hakuwahi kufika. Ézéchiel alikuwa mtoto mkimya, si wa kupigana wala wa kudeka. Akiwa na miaka saba alichukua chaki, akachora kwenye ubao umbo la kila spana ya baba yake, kuanzia kubwa mpaka ndogo, ili jioni kila moja irudi mahali pake. Mzee Nicolas alicheka mpaka akawaita majirani waje kuona. Wiki hiyo hiyo jirani mmoja aliazima spana akajitia hamnazo, na mtoto akamshika mkono, akampeleka mbele ya ubao, akamwonyesha umbo lililobaki tupu. Spana ilirudi kabla ya chakula cha jioni. Hortense alikuwepo, na mpaka leo anamwona jirani yule akiondoka akijikuna kichwa.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari hapo hapo Butembo, akapata diploma ya serikali mwaka 1999 katika seksio ya biashara, kwa asilimia hamsini na saba. Alitaka kuendelea na masomo ya juu. Lakini mzee Nicolas alifariki mwaka uliofuata, barabara zilikuwa za vita, na nyumbani kulikuwa na midomo ya kulisha. Ézéchiel alikunja ile diploma, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akatafuta kazi. Hakuna aliyemsikia akilalamika, na Hortense anasema hilo ndilo lililokuwa kosa lake la maisha yote. Alijua kunyamaza kupita kiasi.

Mwaka 2003 alikwenda Aru, mpakani, akawa msaidizi wa mtu aliyejaza makaratasi ya forodha ya malori. Huko ndiko alikoambukizwa ugonjwa wa fishi, kama mke wake alivyozoea kusema. Kila lori lililoingia lilikuwa na fishi, yaani karatasi yake, na karatasi hiyo ilitaja magurudumu, turubai, magunia, taa, na kila mahali bati lilipobonyea. Siku moja dereva mmoja alishikwa kwa taa iliyovunjika, akalia mbele ya watu kwamba aliikuta hivyo hivyo. Hakuna aliyemsikiliza. Ézéchiel akapekua rundo la fishi, akatoa ile ya siku lori lilipoingia, na taa ilikuwa imeandikwa pale kuwa imevunjika. Dereva aliachiwa saa ile ile. Tangu hapo Ézéchiel alisema mtu asiye na mkubwa wa kumtetea atetewe na karatasi.

Alihamia Bunia mwaka 2009, akalala kwenye sebule ya Hortense miaka miwili. Asubuhi aliosha teksi ya shemeji yake, na jioni alizunguka kutazama wengine wanavyoosha. Alirudi amekasirika. "Dada, banaanzaka na magurudumu," alisema, "kisha kitambaa kile kile banapanguza nacho kioo cha mbele! Banakwaruza gari ya mutu kwa matope yake mwenyewe." Hortense alimwambia ni gari tu, ale chakula kabla hakijapoa. Alikula, lakini pembeni ya sahani alikuwa ameshaweka daftari.

Mwaka 2010, katika kwaya ya kanisa, alimfahamu Estelle, binti wa mzee Athanase, mfugaji wa ukoo wa siku nyingi hapa Ituri. Mahari ilitolewa Jumamosi tarehe 2 Aprili 2011, na jambo lililotokea siku hiyo lazima lisemwe, maana mengine yote yalitoka hapo. Ézéchiel alikuwa ameandaa fishi ya mahari. Ng'ombe walikuwamo pamoja na rangi zao, mbuzi walikuwamo, blanketi na majembe na chumvi, kila kitu na mstari wake. Kila kilipopokewa alitia alama. Watu walikuwa wakicheka kwa furaha. Kisha mwishoni akapiga magoti, akamnyooshea baba mkwe wake karatasi ile kwa mikono miwili, pamoja na bic, atie saini kwamba amepokea.

Mzee Athanase akaitazama karatasi, akamtazama yeye.

"Weye mukwe, unaniona miye sawa shofere wa kamio ya Aru? Kwetu muzee hasainiake mbuzi."

Alitozwa mbuzi mmoja zaidi kwa kosa la heshima, na mbele ya wazee wote akaapa kwamba hatampa tena baba mkwe wake karatasi yoyote mkononi. Hortense alicheka sana siku ile, mpaka machozi. Leo hacheki.

Ndoa ilifungwa kanisani tarehe 13 Agosti 2011. Mungu aliwapa watoto wawili, Ketsia mwaka 2012 na Orly mwaka 2015. Ilikuwa nyumba ya vicheko. Kwenye mlango Ézéchiel alibandika fishi ya watoto wa shule yenye mistari ya daftari, kalamu, chupa ya maji na viatu vilivyofungwa, na Orly kabla hajajua kusoma alikuwa tayari anajua kutia alama. Estelle alimtania mbele ya wageni, "Weye, hata juu ya kunipenda uliandikaka fishi?" Naye akajibu bila kutabasamu, "Niliandikaka. Na nilijaza mistari yote."

Jumatatu tarehe 3 Septemba 2012 alifungua uwanja wake wa kuosha magari hapa Shari, ambao wengi wenu mliuita tu lavaje ya fishi. Alianza na tangi moja la maji, pampu moja na watu watatu. Baada ya miaka sita walikuwa kumi na mmoja, na mkubwa wao alikuwa Olivier, yupo hapa. Hortense anataka ieleweke kazi ile ilikuwaje, kwa sababu mtu aliyeipanga vile si mtu wa kuiba.

Gari likiingia halikumwagiwa hata kikombe cha maji kabla ya fishi. Juu ya karatasi kulikuwa na picha ya gari, upande kwa upande na kwa juu, na kila mkwaruzo uliokuja nao ulitiwa alama mahali pake. Mwenye gari alifungua milango mwenyewe, akatoa vitu vyake mwenyewe chini ya viti na kwenye mifuko ya siti, akaweka saini. Ndipo kazi ilipoanza, na ilikwenda kwa mpango, kutoka juu kwenda chini, paa kabla ya milango, magurudumu kwa ndoo yao na kitambaa chao. Ndani, mazulia yalitolewa kwanza, kisha vumbi, kisha viti, na mwisho kingo za milango ambazo wengine hawazigusi. Kila mstari ulikuwa na saa na herufi za aliyeufanya. Gari likiisha, mwenye gari alizunguka pamoja na mfanyakazi, akasaini tena. Fishi nyeupe ilikuwa ya kuosha nje, ya njano ya nje na ndani, ya buluu ya kazi kamili mpaka nta na injini. Ambulansi zilikuwa na fishi yao peke yake, aliyoiandika pamoja na muuguzi mmoja, yenye glavu na dawa na mpangilio wa nani aguse nini kwanza.

Ukutani palikuwa na tablo ya wiki, ubao wa ratiba. Jumatatu zilikuwa siku za magari ya jipu ya mashirika yaliyorudi na matope ya njia ya Komanda, Jumatano za teksi, Ijumaa za magari ya wachungaji na ya ndoa. Aliacha nafasi tupu mbili kila siku, kwa sababu alisema Bunia haikosi jambo. Na kila jioni kabla ya kufunga, wote walikaa juu ya mabidoni ya maji yaliyogeuzwa, wakasoma fishi za siku ile, wakaambiana makosa bila kutukanana. Modeli ya fishi ikionekana ina kasoro, aliifuta na kuandika nyingine. Olivier anakumbuka mstari wa "angalia chini ya kiti cha mtoto" uliongezwa baada ya kusahau ganda moja la ndizi.

Hakumwogopa mtu. Dereva wa mkubwa mmoja wa mji alikataa kusaini, akasema bosi wake hana muda na upuuzi. Ézéchiel akamletea kiti, akamwacha hapo, gari likakaa na matope yake. Mkubwa alipokuja kuuliza na kuelezwa, aliangua kicheko, akachukua bic, akachora mwenyewe mkwaruzo ambao dereva alikuwa anauficha. Huyo alikuwa mteja mpaka alipohamishwa. Mtu mmoja tu katika Bunia yote hakupewa fishi, na huyo ndiye aliyemwangusha.

Ijumaa tarehe 10 Juni 2022 mzee Athanase alileta gari lake. Hakuwa amewahi kulileta. Siku hiyo anayemwoshea nyumbani alikuwa safarini, na mzee alikuwa ametoka ofisi ya ardhi na makaratasi ya parseli, yaani kiwanja chake, amevaa suti yake ya kijivu. Olivier alikuja na fishi ya buluu kama kawaida. Ézéchiel akaiwahi kabla haijafika, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Patron, na vitu vya ndani?" Olivier alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Ule ni baba ya Estelle. Siwezi kumupatia fishi. Siwezi hata kumuambia atoe vitu yake mbele yangu, sawa niko namupekua. Tuoshe tu."

Waliosha kuanzia saa tatu mpaka saa sita. Ndani hakumruhusu mtu mwingine aingie. Aliingia mwenyewe, akiwa amepiga magoti, na kiti cha baba mkwe wake hakukikalia hata wakati wa kukisafisha. Mzee aliwekewa kiti kivulini na soda baridi. Aliondoka ameridhika, akimshika mkwe wake bega. Olivier aliona.

Jumatatu alirudi na wana wake wawili. Makaratasi ya parseli hayaonekani. Alisema aliyatia kwenye mfuko wa nyuma ya siti, na gari halikuguswa na mwingine. Wateja walikuwepo, wafanyakazi walikuwepo. Ézéchiel akasema hakuona karatasi. Ndipo mzee akaonyesha klaseri zilizopangwa ukutani, miaka kumi ya fishi, akasema maneno ambayo Olivier hajayasahau.

"Kwa batu bote munaandikaka. Gari yangu tu mulikosa kuandika. Juu ya nini?"

"Papa, nilikuheshimu."

"Mwizi naye anasalimiaka vizuri."

Basi. Mtu aliyekusanya karatasi maisha yake yote ili asionewe, alionewa kwa karatasi moja ambayo hakuiandika kwa sababu ya heshima. Angemtendea baba mkwe wake kama mteja wa barabarani, angekuwa salama. Hortense amelitafuna jambo hilo kwa miaka mitatu na bado halimezeki.

Hakupelekwa mahakamani. Ingekuwa afadhali, maana huko mtu huulizwa na hujibu. Kilifanyika kikao cha familia, na wazee wetu sisi, Hortense anawasema pia, walikwenda wakatikisa vichwa, wakaomba radhi kwa jambo ambalo hawakulijua. Walidhani wanatuliza moto. Kumbe walikuwa wamekiri kwa niaba yake. Siku ya tatu Estelle aliitwa nyumbani kwa baba yake na watoto wote wawili, mpaka mambo yatakapoeleweka, na mambo hayakueleweka kwa miaka karibu mitatu. Kila Jumamosi alikuja na chakula kwenye kapu, akafua, akaondoka kabla ya jioni. Hortense hamlaumu. Alimlaumu, na akaacha, kwa kuwa aliona anavyotembea akirudi.

Mashirika yaliondoa jipu zao moja moja, kwa adabu, bila kusema sababu. Kanisa lilipata mahali pengine pa kuoshea basi lake. Kwenye kwaya aliambiwa apumzike kidogo, na hakuna aliyekumbuka kumwambia amepumzika vya kutosha. Wafanyakazi kumi na mmoja wakawa wawili. Bado kila asubuhi aliandika tablo ya wiki, na bado aliacha nafasi tupu mbili, ingawa sasa zilikuwa tupu zote. Mtu akija na pikipiki alimwandikia fishi. Alipoulizwa na dada yake kwa nini anajisumbua, alisema, "Nikiacha, batasema naona haya."

Ugonjwa ulianza Desemba 2023, alipoanguka uwanjani akiwa amebeba ndoo. Ilikuwa tansio, presha ya damu, na baadaye mafigo. Alijitengenezea fishi ya dawa, akaibandika juu ya kitanda, na wauguzi walioiona waliomba nakala. Aprili mwaka huu, alipolazwa mara ya pili, Estelle alifunga mizigo, akawachukua watoto, akarudi kwa mume wake bila kumuaga baba yake. Familia inamshukuru kwa miezi hiyo mitano. Alimlisha, alimgeuza, alimsomea.

Sasa inafuata sehemu ambayo Hortense aliombwa aifute.

Mwezi wa pili mwaka huu, kwa mzee Athanase walikuwa wanapaka rangi nyumba. Kabati lilisogezwa, nguo zikatolewa. Stéphane, mwana wake wa pili, aliinua ile suti ya kijivu, ambayo mzee hakuivaa tena kwa sababu ilimbana, akasikia kitu kigumu kwenye mfuko wa ndani. Yalikuwa makaratasi ya parseli. Yote, na mhuri wake, yamekunjwa vile vile alivyoyakunja mwenyewe akitoka ofisini. Hayakuwahi kuingia kwenye mfuko wa siti. Hayakuwahi kuachana na mwili wake.

Walikaa kikao. Stéphane mwenyewe ameeleza, na yuko hapa, na Hortense anamheshimu kwa kueleza. Walikubaliana kwamba muzee hawezi kwenda kuomba radhi kwa mukwe. Haijawahi kuonekana. Walikubaliana kwamba Krismasi watampelekea mbuzi, naye ataelewa. Mwezi wa pili mpaka Krismasi ni miezi kumi, na ndani ya hiyo miezi mtu alikuwa anakufa umbali wa dakika ishirini kwa pikipiki. Estelle, aliyekuwa akiishi katika nyumba ile ile, hawakumwambia.

Stéphane alishindwa kulala na jambo hilo. Jumamosi tarehe 5 Julai alikuja hospitali peke yake, mchana, akalisema lote akiwa amesimama miguuni pa kitanda. Hortense alikuwepo. Aliinuka amshike shati. Ézéchiel alimzuia kwa mkono, akauliza swali moja.

"Makaratasi iko muzima? Haikuloa?"

"Iko muzima, shemeki."

"Sawa. Mungu asifiwe."

Stéphane alikuwa bado mlangoni, analia. Na Ézéchiel akamgeukia dada yake, akasema asimwambie mtu, hata Estelle. "Muzee ni muzee. Ukimuabisha, batoto yangu ndio batabeba. Ni babu yao." Hortense hakumjibu. Alichukua kitambaa akampangusa uso. Ézéchiel akadhani ameahidiwa, akafumba macho, na dada yake akamwacha adhani hivyo. Hilo nalo Hortense atalijibu mbele ya Mungu.

Katsuva Ézéchiel alifariki Jumanne tarehe 16 Septemba 2025, saa nne asubuhi, hospitalini hapa Bunia, akiwa na miaka arobaini na sita. Estelle alikuwa amemshika mkono wa kushoto. Jambo la mwisho alilosema lililoeleweka lilikuwa kumuuliza Olivier kama wamefunika tangi.

Hortense alikuwa amekata shauri kumtii. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema tu kwamba aliendesha kazi yake kwa uaminifu, kisha ikaruka mpaka ugonjwa. Ilikuwa fupi na nzuri, na haikumgusa mtu. Lakini Jumatano, wakati anachagua nguo za kumvisha marehemu, Ketsia aliingia chumbani, akafunga mlango nyuma yake. Ana miaka kumi na mitatu. Shuleni ameitwa mtoto wa mwizi tangu darasa la nne, na hakuwahi kulisema nyumbani. Alisimama pale akishika tai ya baba yake.

"Tantine, papa aliichukuaka kweli?"

Ézéchiel aliogopa watoto wake wabebe aibu ya babu yao. Hakujua kwamba walikuwa wanabeba yake, na kwamba binti yake angemzika bila kujua kama analilia mwizi. Hortense alikaa kitandani, akamwambia asubiri mpaka Jumamosi, atajibiwa mbele ya watu wote, kwa sababu mbele ya watu wote ndiko baba yake alikovuliwa nguo. Jioni hiyo alimwita Estelle jikoni, akamwambia yote. Estelle hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, akabaki hapo.

Alhamisi mchana mzee Athanase alikuja mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, akaletewa maji. Alikuwa amesikia kitakachosomwa.

"Musoki, mi niko muzee. Siku zangu zimeisha. Unaweza kuacha ile maneno ilale na yeye?"

"Papa, ile haikuwa maneno yake. Ilikuwa yako. Mbona yeye ndiye alale nayo?"

"Yeye mwenyewe alikuomba unyamaze. Stéphane aliniambia."

"Aliniomba. Na miye namukatalia leo, mara moja tu. Uko na siku mbili, papa. Ukipenda kusema mwenyewe pale makaburini, nitakupatia nafasi, na yangu nitaifuta."

Mzee alitazama maji yake. Alisema atafikiri. Aliondoka bila kuyanywa, na mpaka karatasi hizi zinapelekwa kuchapishwa Ijumaa saa kumi, hakuwa ametuma jibu.

Marehemu ameacha mjane, Estelle. Watoto wawili, Ketsia na Orly. Dada wawili, Hortense na Emerance. Olivier na wenzake wa lavaje, waliomwita patron mpaka mwisho. Shemeji zake, na miongoni mwao Stéphane. Pamoja na baba mkwe wake, mzee Athanase, ambaye amewekewa kiti mbele, kama inavyompasa mzee.

Ketsia, simama. Na wewe Orly, simama karibu na dada yako. Hapana. Baba yenu hakuchukua karatasi ya mtu. Hakuchukua kitu cha mtu siku yoyote ya maisha yake, na wote walio hapa wamesikia, na aliyesingizia amesikia.

Ézéchiel, pumziko tulilokunyima sisi, akupe Mungu.